Makanisa yetu yawape pumziko waliochoka, yasiwaongezee zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo kwa muda mrefu nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini katika korido za hospitali na kwenye ngazi za kanisa, lakini ambalo ni nadra kulisikia likisemwa mimbarini. Waumini wengi wa makanisa yetu ya mijini wamechoka. Wamechoka mwili na wamechoka moyo, na imani ambayo ingepaswa kuwapumzisha imegeuzwa kuwa zamu nyingine ya kazi inayofuata baada ya zamu sita za juma. Ninaandika nikiwa Mlutheri, mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Morogoro, na muuguzi mstaafu niliyehudumu miaka mingi katika kliniki za wagonjwa wa nje. Siandiki ili kuwashambulia wachungaji, kwa sababu nikifika mbele nitaeleza kwamba pengine wao ndio waliochoka kuliko sisi sote.

Wauguzi wenzangu watanielewa nikisema kwamba mtu aliyechoka moyo haji hospitali akasema amechoka moyo. Huja akasema kichwa kinawaka moto, au moyo unaenda mbio, au kuna maumivu yanayotembea mwilini, leo yako begani na kesho yako kiunoni. Hupimwa malaria, haipo. Hupimwa presha, haijapanda sana. Huandikiwa dawa za maumivu, akaenda zake, na baada ya majuma machache hurudi na malalamiko yale yale. Muuguzi mwenye nafasi, naye ni adimu, akimkalisha na kumuuliza analala saa ngapi, ndipo habari zinapoanza kutoka: mama lishe anaamka saa tisa usiku kukanda unga na kubandika maharage, anafunga kibanda jioni, kisha Jumanne ana mazoezi ya kwaya, Jumatano ana ibada ya nyumba kwa nyumba, Ijumaa ana mkesha, Jumamosi ana usafi wa kanisa pamoja na msiba au kitchen party ya mwanakwaya mwenzake, na Jumapili yuko kanisani tangu saa moja asubuhi hadi jua linapoanza kuelemea magharibi. Ukimuuliza anapumzika lini, anacheka.

Jumapili yenyewe tuitazame kwa karibu, maana hapo ndipo penye shauri langu. Katika sharika nyingi ninazozifahamu, ibada yenyewe, yaani liturjia, masomo, mahubiri na Chakula cha Bwana, huchukua kama saa mbili, na hizo hazimchoshi mtu anayependa kumwabudu Mungu. Kinachochosha ni vinavyoongezwa pembeni. Matangazo husomwa hadi watoto wanasinzia. Bahasha za ahadi huitwa kwa majina, na asiye na kitu huinamisha kichwa. Hufuata sadaka ya jengo, sadaka ya gari la mchungaji, mchango wa kwaya inayokwenda kurekodi, kisha tunatoka nje kwenye mnada. Mnada siulaumu, kwani nakiri kwamba ni sehemu inayonifurahisha: jogoo ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha ili auzwe tena, mkungu wa ndizi unapandishwa bei kwa utani, na wazee wanacheka pamoja na vijana. Lakini baada ya mnada kuna kikao cha kamati ya ujenzi, kikao cha umoja wa wanawake, kikao cha maandalizi ya sherehe ya mavuno, na anayeaga mapema huulizwa kama moyo wake bado uko kwa Bwana. Mtu anafika nyumbani saa kumi jioni, hajafua, hajapika, na Jumatatu inabisha hodi.

Haya yote hufanyika chini ya andiko ambalo karibu kila Mkristo analijua kwa moyo, nalo limeandikwa kwenye kalenda za ukutani na nyuma ya daladala: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Maneno hayo ya Mathayo 11:28 tunayahubiri kama mwaliko kwa wasioamini, kana kwamba aliyekwisha kuamini hana tena haki ya kulemewa. Naona tumelipunguza andiko. Katika Injili ya Marko, sura ya sita, ni mitume wenyewe, waliokuwa wametoka kuhubiri na kuponya kwa amri ya Yesu, ambao Bwana anawaambia wajitenge mahali pasipo na watu wapumzike kidogo, na Marko anataja sababu ya kibinadamu kabisa: watu waliokuwa wakija na kwenda walikuwa wengi hata wasipate nafasi ya kula. Utumishi wao ulikuwa wa haki na matunda yalionekana, lakini Bwana alipowatazama aliona njaa na uchovu wao, akawaambia waende faragha. Ni kweli kwamba makutano waliwafuata huko huko na mapumziko yale yakakatizwa, jambo ambalo kila mchungaji mwenye simu ya mkononi atalielewa.

Hata hivyo andiko ambalo ningetamani lisomwe polepole zaidi katika makanisa yetu ni lile la Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Tunapenda mno sura inayolitangulia, ya moto uliotoka mbinguni juu ya mlima Karmeli, na mikutano mingi ya injili hujengwa juu ya sura hiyo ya 18. Lakini mtu yule yule aliyeita moto, aliyekimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli, anatishwa na Yezebeli kisha anavunjika moyo kabisa. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anakwenda jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Anasema imetosha. Katika makanisa yetu ya leo mtu akitamka maneno hayo, kuna hatari tatu: ataambiwa hana imani, ataambiwa ana dhambi iliyojificha, au ataitiwa kikosi cha maombi kimkemee pepo wa mauti. Mungu hakumfanyia Eliya hata moja kati ya hayo. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa akamwambia ale, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate ulioiva juu ya makaa pamoja na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakumkaripia kwa kulala mara ya pili, bali alimwamsha ale tena kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kupita uwezo wake.

Kama muuguzi siwezi kusoma habari hiyo bila kuona mpangilio wake. Usingizi ulitangulia, chakula kikafuata, na mazungumzo yakaja baadaye huko Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Huko napo Mungu hakuanza na hotuba. Aliuliza swali, Eliya akamwaga malalamiko yake yote. Likaulizwa tena swali lile lile, naye akayarudia malalamiko neno kwa neno, wala hakuambiwa kwamba amekwisha kusikika. Upepo ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Mungu hakuwamo humo, kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu. Jambo ambalo wahubiri wengi huliruka ni la mwishoni: Eliya alipunguziwa mzigo. Aliagizwa amtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake, na akaambiwa kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani, kwani walikuwapo watu elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Mtu aliyekuwa anataka kufa alipewa usingizi, chakula, sikio la kumsikiliza, msaidizi wa kazi na habari njema kuhusu wenzake. Ni ipi kati ya huduma hizo ambayo usharika wa kawaida hauwezi kuitoa?

Agizo la Sabato nalo tumelitia vumbi. Wengi hulikumbuka kama katazo, ilhali katika Kutoka 23:12 sababu inayotolewa ni kwamba ng'ombe na punda wapate kupumzika, na mwana wa mjakazi pamoja na mgeni wapate kuburudika. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, Waisraeli wanaambiwa waishike siku hiyo kwa kukumbuka kwamba walikuwa watumwa Misri, mahali ambapo hapakuwa na siku ya mapumziko na idadi ya matofali haikupunguzwa hata majani yaliponyimwa. Kwa hiyo siku ya kupumzika ilikuwa haki ya mnyonge kabla ya kuwa wajibu wa mcha Mungu. Nawauliza Wakristo wenzangu, wa Morogoro na wa kwingineko, wanaokwenda ibada ya kwanza wakiwa wamevaa vizuri: yule dada wa kazi aliyebaki nyumbani akipika pilau la Jumapili na kuwaandalia wageni wa jumuiya, siku yake ya kuburudika ni ipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa zisizopungua 24 mfululizo kila juma, tena inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa juma. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ni aibu kwamba sheria za serikali zinaikumbuka amri ya Sabato kuliko nyumba za washirika.

Hapa niruhusiwe kuwasifu Wasabato, ingawa mimi si mmoja wao na hatukubaliani kuhusu siku yenyewe. Tangu wamisionari wao walipofika Upareni mwaka 1903, wamelea kizazi baada ya kizazi katika desturi ya siku ya maandalio: Ijumaa mchana nguo zinapigwa pasi, viatu vinapigwa rangi, chakula cha kesho kinapikwa, na jua linapozama kazi zinakoma, duka linafungwa hata kama wateja wamesimama mlangoni. Sisi wa Jumapili tuna historia ndefu pia, kwani Kaisari Konstantino aliitangaza Jumapili kuwa siku ya mapumziko mwaka 321, lakini tumebaki na ibada tukaacha mapumziko. Jirani yangu Msabato hutembea taratibu na wanawe Jumamosi alasiri hadi chini ya milima ya Uluguru, na nikimwona huwa najua kwamba saa kama hiyo kesho yake mimi nitakuwa kwenye kikao nikijadili bei ya mabati.

Wapo watakaonijibu kwamba uhai wa kiroho wa Afrika Mashariki haukuletwa na watu waliokuwa wanapumzika, bali na Uamsho, ile harakati ya toba iliyoenea katika makanisa ya ukanda huu, na kwamba Uamsho ulikuwa moto. Jibu hilo nalifurahia kwa sababu chanzo chake kinaunga mkono hoja yangu. Joe Church alikuwa daktari mmisionari wa Kianglikana katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Alikuwa amepita katika njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929, akiwahudumia watu waliokuwa wakifa mbele ya macho yake, na nguvu zilimwishia. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, akiwa daktari aliyechoka na mwenye moyo mkavu. Huko kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya, naye alikuwa na kiu ya Mungu kama yeye. Walikaa pamoja kwa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, wakaambiana ukweli kuhusu hali ya mioyo yao. Hapakuwa na jukwaa wala kamati ya maandalizi. Daktari alirudi Gahini akiwa mtu mpya, na kutoka hapo katika miaka ya 1930 habari zilienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na hadi upande wetu wa Bukoba, ambako wazee wa Kilutheri hadi leo wanawajua ndugu wa Uamsho kwa salamu zao na kwa tabia yao ya kusema kweli.

Nitakuwa mwongo nikidai kwamba Uamsho ulibaki kimya. Ilikuwapo mikesha, vilio, ndoto na mabishano makali na viongozi wa makanisa. Lakini kiini chake, kile kilichowabadilisha watu, kilikuwa ule ushirika mdogo ambamo mtu aliweza kusimama mbele ya ndugu zake akasema, "Mimi nimeshindwa hapa," bila kuogopa kwamba kesho habari yake itakuwa gumzo la sokoni. Mzigo wa kujifanya mwema ni mzito kuliko magunia ya mkaa, na waliokuja kwenye ushirika ule waliutua. Wamisionari wa Kizungu walitubu mbele ya Waafrika kwa kiburi chao, na Waafrika wakatubu mbele ya majirani waliowaibia. Mtu alirudisha mbuzi au alilipa deni, akaenda kulala usiku huo akiwa mwepesi. Mimi nadhani upya wa moyo anaoutafuta Mkristo wa leo kwenye mikutano ya miujiza unapatikana zaidi katika chumba cha watu wanane wanaoaminiana, na kwamba jumuiya zetu ndogo ndogo, kama zisingegeuzwa kuwa vituo vya kukusanyia michango, zingekuwa chumba hicho.

Kuhusu mikesha sina neno baya dhidi ya anayekesha kwa hiari yake. Bwana mwenyewe alikesha mlimani akiomba kabla ya kuwachagua mitume. Hata hivyo Bwana huyo huyo alilala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, wakati mawimbi yalipokuwa yakijaza chombo maji, na wanafunzi waliuchukulia usingizi wake kama dalili ya kutojali. Mtunga Zaburi ya 127 anawaambia wanaoamka mapema na kuchelewa kulala kwamba taabu yao ni bure, kwa kuwa Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Ninachokipinga ni mkesha wa lazima, unaotangazwa kama kipimo cha imani, unaomtoa dereva wa bodaboda usingizini Ijumaa usiku kisha kumrudisha barabarani Jumamosi alfajiri akiwa na abiria mgongoni. Niliwahi kuwafunga vidonda vijana wa namna hiyo. Hakuna anayeandika kwenye fomu ya ajali kwamba chanzo kilikuwa ibada.

Sasa nigusie jambo zito zaidi. Uko uchovu unaoondoka kwa kulala na kusali, na uko ugonjwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, likasisitiza kwamba hali hiyo si ugonjwa. Lakini sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, una tiba, na asiyetibiwa anaweza kufa. Nimewaona wagonjwa waliokuwa wameanza kupata nafuu kwa dawa, wakaambiwa na mtumishi fulani waziache ili waonyeshe imani, na baadhi yao walirudishwa kwetu wakiwa katika hali ambayo sitaieleza gazetini. Mchungaji yule yule anayevaa miwani, anayemeza dawa za kisukari na kupimwa presha, hana sababu ya kumkataza muumini wake dawa ya akili. Luka alikuwa tabibu. Paulo alimshauri Timotheo, kijana aliyekuwa akiugua mara kwa mara, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumwambia afunge. Sala ya imani na kadi ya kliniki vinakaa pamoja katika mkoba mmoja bila kugombana.

Kwa wale ambao bado hawajafikia hali ya kuhitaji hospitali, Biblia ina hazina ambayo tumeificha. Sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo, malalamiko na maswali, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa ushindi mwishoni. Waliokusanya Maandiko hawakuitoa wala hawakuiongezea shangwe. Katika ibada zetu, kinyume chake, kila ushuhuda lazima uishe kwa gari jipya, visa ya kwenda nje au mtoto aliyefaulu, na aliyefiwa na mume miezi mitatu iliyopita anatakiwa aseme kwamba anaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Mara moja katika usharika wetu mjane alipewa kipaza sauti akasema tu kwamba usiku ni mrefu na kwamba anamwomba Mungu asimchoke. Kiongozi wa ibada alisitasita, akapaza sauti, "Haleluya!" na kutaka pambio. Mama mmoja mzee wa kiti cha nyuma hakuimba. Alinyanyuka, akatembea hadi mbele kwa mkongojo wake, akamkumbatia yule mjane na kukaa naye benchi la mbele hadi mwisho wa ibada, na mimi niliona kwamba siku ile mahubiri yalikuwa mawili.

Kina mama wazee kama huyo ni rasilimali tusiyoitumia. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza katika kitongoji cha Mbare, Harare, mpango wa kuwafundisha bibi wa mtaani namna ya kukaa benchini karibu na zahanati na kumsikiliza kwa utaratibu mtu mwenye mawazo mengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Makanisa ya bara yana umoja wa wanawake kila usharika, Wakatoliki wana WAWATA, Waanglikana wana umoja wa akina mama, na madawati tunayo ya kutosha, yanakaa tupu siku sita za juma. Kinachohitajika ni mafunzo mafupi kutoka kwa watu wa afya, mwavuli wa mwembe, na sharti kali la kutunza siri. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, na bila hilo nashauri tusianze kabisa.

Nilisema nitawarudia wachungaji. Mchungaji wa mjini anazika, anafungisha ndoa, anapatanisha wanandoa usiku, anafuatilia hati ya kiwanja, anaendesha harambee, na Jumapili anahubiri ibada tatu kwa sauti ile ile. Mwinjilisti wa kijijini hufanya karibu hayo yote kwa baiskeli na kwa posho inayochelewa. Likizo ya siku 28 ambayo sheria inampa mwajiriwa yeyote, wengi wao huitumia kuhubiri semina ya usharika mwingine. Familia zao hazithubutu kulalamika. Muumini hawezi kupata pumziko kutoka kwa mtu asiyepumzika, na kwa sababu hiyo ningependa mabaraza ya wazee yawalazimishe wachungaji wao kwenda likizo kama wanavyowalazimisha kuleta taarifa ya mapato na matumizi. Wamonaki Wabenediktini wa Peramiho, waliopo tangu mwaka 1898, na wale wa Ndanda, waliopo tangu mwaka 1906, wameendesha hospitali, shule na karakana kwa zaidi ya karne moja wakiongozwa na kengele inayowaambia saa ya kufanya kazi, saa ya kusali na saa ya kulala. Hakuna aliyewahi kuwaita wavivu. Nyumba za mafungo za namna hiyo, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zipo pia katika mikoa mingine, na usharika unaoweza kununua spika mpya unaweza kumlipia mchungaji na mkewe siku chache huko.

Pendekezo langu kwa sharika na parokia ni dogo, nalo linaweza kujaribiwa bila kungoja waraka wa dayosisi. Jumapili moja kila mwezi ibada iishe na watu wote waende nyumbani: pasiwe na kikao, mchango wa ziada wala mazoezi, na bahasha zipokelewe kimya kimya kwenye sanduku la mlangoni. Baada ya mahubiri ya siku hiyo viachwe vinanda, watu wakae kimya kwa dakika kumi, muda ambao kwa mara ya kwanza utaonekana mrefu kuliko mahubiri yenyewe, na somo la Zaburi liwe la maombolezo pale ambapo mtaa una msiba. Anayetaka kuzungumza na mtu abaki, wazee waliofundishwa wamsikilize. Wengine wakapike, wakalale mchana, wakatembelee mama zao, wakacheze na watoto wao. Dada wa kazi naye apewe siku yake, iwe hiyo au nyingine, na apewe nauli.

Nimeliwasilisha pendekezo hili kwa wazee wenzangu, na litajadiliwa katika kikao chetu kijacho, ambacho kwa bahati mbaya kimepangwa kufanyika Jumapili baada ya ibada ya pili. Mweka hazina amekwisha kunidokeza kwamba atalipinga, kwa hoja kwamba Jumapili isiyo na mnada itapunguza fedha za paa, na hoja yake si ya kipuuzi kwani mvua za masika zinakaribia. Kama wapo wasomaji wako ambao sharika zao zimewahi kujaribu utaratibu kama huu na zikamaliza majengo yao, ningeomba waandike hapa gazetini waeleze walifanyaje, nami nitaisoma barua yao mbele ya kikao.

Wako,
Muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa,
Morogoro.